Somo la Robo Hii: Simu Inayosema na Nukta Zinazosomwa kwa Vidole



Katika toleo hili tunajifunza juu ya vifaa vinavyomwezesha mtu asiyeona kusoma, kuandika na kutunza mambo yake mwenyewe. Tumechagua somo hili kwa sababu mbili. Kwanza, maombi ya "simu kwa ajili ya wasioona" yanazidi kuletwa ofisini. Pili, sisi wenyewe tulikosea kabla ya kujifunza, na si vema sharika zirudie kosa letu.

Lengo la somo: kamati iweze kutofautisha kati ya kutoa kifaa na kutoa msaada.

1. Tulipokosea

Katika usharika wetu mmoja yupo mama, mwalimu mstaafu, ambaye haoni tangu utotoni. Alisoma kwa maandishi ya nukta nundu na akafundisha watoto wasioona kwa miaka mingi. Alipostaafu, fedha zake zilianza kupitia kwenye simu. Kila ujumbe wa fedha ulisomwa na mtu aliyekuwa karibu. Namba yake ya siri aliijua mjukuu, akaijua jirani, akaijua na wakala. Mara mbili fedha zilipungua, naye hakujua amwulize nani bila kuvunja undugu.

Tuliposikia habari hiyo tulinunua simu janja nzuri, tukamkabidhi siku ya Jumapili mbele ya usharika. Picha zilipigwa, watu wakashangilia, nasi tukaandika katika taarifa kwamba mtu mmoja amewezeshwa. Baada ya miezi sita nilimtembelea. Simu ilikuwa kabatini, ndani ya boksi lake. Aliyeiwasha mara ya kwanza aliiacha isome kwa sauti ya Kiingereza, hivyo kila neno la Kiswahili lilitoka limepinda. Wajukuu waliona inapiga kelele na haifunguki kwa kuguswa mara moja kama simu nyingine, wakaizima sauti. Kwa mama ikabaki kipande cha kioo.

Nilimwuliza, "Mama, mbona hukutuambia?" Akanijibu, "Mwanangu, mlinipigia makofi. Ningeanzaje kusema kwamba haijui Kiswahili?"

Tunamkumbuka Bartimayo katika Marko 10:46-52. Kila mtu pale njiani alijua kwamba haoni. Hata hivyo Bwana Yesu hakudhani. Alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Sisi hatukuuliza. Tulipouliza, ingawa kwa kuchelewa, mama alitaja mambo mawili: kujua fedha zake bila kusomewa, na kusoma tena kwa vidole vyake, maana vitabu vyake vya nukta nundu vilikwisha kuliwa na mchwa.

2. Simu inavyosema

Simu janja nyingi zinazouzwa leo huja na programu ya kusoma kioo kwa sauti. Katika simu za iPhone inaitwa VoiceOver, na iliingia mwaka 2009. Katika simu nyingi za Android inaitwa TalkBack, nayo ilianza mwaka huohuo wa 2009. Kabla ya hapo mtu asiyeona alilazimika kununua programu ya sauti kando, kwa bei kubwa. Kwa kompyuta ipo NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, ambayo hutolewa bure hadi leo.

Programu ikiwashwa, namna ya kugusa inabadilika. Ukigusa kioo mara moja simu haifungui kitu. Inakutajia kilichopo chini ya kidole. Ukiburuta kidole kwenda kulia, inakwenda kwenye kitu kinachofuata na kukitaja. Ukisikia unachokitaka, unagusa mara mbili kwa haraka, ndipo kinafunguka. Mtu anayeona akishika simu hiyo bila kujua hudhani imeharibika. Ndiyo maana watu wa nyumbani nao wafundishwe.

Mambo matatu yafanyike siku ya kwanza:

(a) Sauti ya Kiswahili iwekwe na ichaguliwe. Kwa Android ipo katika huduma ya sauti ya Google, na pia katika eSpeak NG, ambayo ni ya bure. Sauti hizi hazina utamu wa sauti ya mtu, lakini zinaeleweka.

(b) Visikilizio vya masikioni vitolewe pamoja na simu. Bila hivyo simu inatangaza salio la mtu mbele ya wote waliopo.

(c) Aonyeshwe namna ya kuficha kioo, ili kiwe cheusi wakati yeye anaendelea kutumia simu. Aliyekaa nyuma yake hataona kitu.

Kuhusu fedha, menyu zile za nyota na alama ya reli huweza kusomwa na simu, lakini hukatika mtu akichelewa kujibu. Programu ya fedha ndani ya simu humpa muda zaidi, ila inahitaji bando. Pia zipo programu ambazo watengenezaji wake hawakuvipa vitufe majina. Simu husema tu "kitufe, kitufe". Basi ijaribiwe kwanza pamoja na mhusika mwenyewe.

3. Kwa nini bado nukta nundu?

Wajumbe wengi huuliza: kama simu inasema, nukta nundu za nini tena? Swali hili ni zuri, na jibu lake ndilo kiini cha somo letu. Anayesikiliza anasomewa. Anayepapasa nukta anasoma mwenyewe. Anajua neno limeandikwaje, sentensi inaishia wapi, jina la mtu lina herufi gani. Mtoto aliyekua kwa sauti peke yake anaweza kusimulia vizuri na bado asijue kuandika. Naye anayeongoza ibada hawezi kusikiliza simu sikioni na papo hapo kuusikia usharika ukiitikia.

Maandishi haya yalibuniwa na Louis Braille wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1809 na kupoteza macho baada ya kujiumiza akiwa mtoto katika karakana ya baba yake. Alichapisha mfumo wake mwaka 1829, akiwa na umri wa miaka 20. Kila herufi inakaa katika nafasi ya nukta 6, yaani safu mbili za nukta tatu tatu. Safu ya kushoto ni nukta 1, 2 na 3 kutoka juu. Ya kulia ni 4, 5 na 6. Kutokana na nukta hizo 6 hupatikana maumbo 63.

Zoezi: andika neno "maji". M ni nukta 1, 3 na 4. A ni nukta 1. J ni nukta 2, 4 na 5. I ni nukta 2 na 4. Wajumbe wabonyeze nukta hizo kwenye karatasi ngumu, kisha wafumbe macho na kuzipapasa. Zoezi hili la dakika kumi hufundisha zaidi ya hotuba.

Tatizo la nukta nundu za karatasi ni ukubwa na bei. Biblia nzima hujaza mabuku makumi kadhaa, ambayo mtu hawezi kuyabeba kwenda kanisani.

4. Kibao cha elektroniki cha nukta nundu

Hiki ni kifaa kidogo chenye mstari mmoja wa visanduku, kwa kawaida 14, 20 au 40. Ndani ya kila kisanduku mna pini ndogo zinazopanda na kushuka zenyewe. Kikiunganishwa na simu kwa Bluetooth, yaliyo kwenye kioo hutokea kama nukta chini ya vidole. Tuseme ujumbe ni "Kikao cha kamati ya ujenzi". Kibao cha visanduku 20 kitaonyesha "Kikao cha kamati ya", na msomaji akibonyeza kitufe cha kuendelea, "ujenzi" linatokea. Vibao vingi vina pia vitufe vya kuandikia, hivyo mtu anajibu ujumbe kwa nukta na mwenzake anaupokea kwa herufi za kawaida.

VoiceOver hupokea vibao hivi. Kwa Android, zamani ilibidi kuweka programu ya ziada. Tangu mwaka 2022 TalkBack yenyewe inavipokea, mradi iwe ya toleo jipya.

Angalizo moja la Kiswahili. Kibao kikiachwa kwenye nukta za Kiingereza zenye vifupisho, maneno yetu huharibika. "Sh" ya "shamba" kwa mfano hugeuzwa alama moja, na msomaji asiyejua vifupisho hivyo hukwama. Kama Kiswahili hakimo katika orodha, chagua nukta zisizo na vifupisho. Kwa kuwa herufi zetu hazina alama za juu, maneno yatatokea sawasawa.

Bei ni mzigo. Vibao huuzwa kuanzia dola za Marekani mia kadhaa hadi elfu kadhaa. Pini zake huharibiwa na vumbi na mafuta ya mikono, na fundi hapatikani kila mji. Kwa hiyo kibao si kitu cha kugawa Jumapili moja kwa ajili ya picha.

5. Nani apewe nini?

Baada ya kujirekebisha tulimtafuta mwalimu ambaye naye haoni, akamtembelea mama yule mara kwa mara, akimfundisha jambo moja kila safari. Siku aliyobadilisha namba yake ya siri peke yake, hakuna aliyepiga makofi, kwa sababu hakuna aliyejua. Tulijua baadaye, aliponipigia simu: "Sasa nina siri, mwanangu."

Tulimwazima pia kibao pekee tulicho nacho. Alikitumia kwa miezi michache, akisoma kila alfajiri. Kisha likaja ombi la kijana wa chuo cha ufundi. Haoni, na masikio yake nayo yanaendelea kupoteza nguvu. Kwa mtu wa namna hiyo sauti haisaidii; bila nukta, simu ni bubu kabisa. Kamati ilishindwa kuamua. Safari hii tulikwenda kuuliza kwanza. Mama alinyamaza kwa muda, akasema, "Mpelekeeni. Mimi bado nina masikio." Alipokikabidhi aliuliza cha pili kitakuja lini. Hatukuwa na jibu, na hadi tunaandika somo hili hatunalo.

Tumejifunza kanuni hizi:

- Anayesikia vizuri na asiyejua nukta nundu: aanze na simu, visikilizio na mafunzo.
- Mtoto wa shule: asiondolewe kwenye nukta nundu kwa sababu amepata simu. Vyote viwili viende pamoja.
- Asiyeona na asiyesikia: kibao kwake ndicho mlango, si nyongeza.
- Aliyepoteza macho ukubwani: aulizwe, wala asikatiwe tamaa. Wapo wanaojifunza nukta wakiwa wazee.

6. Kamati ifanye nini?

Kwanza, matangazo. Hili halina gharama. Sharika nyingi hupiga picha tangazo la ukutani na kulituma kwenye kundi la WhatsApp. Simu ya asiyeona mara nyingi husema "picha" na kunyamaza. Andikeni tangazo kwa maneno. Picha ikiwa lazima, maneno yake yaandikwe chini yake.

Pili, bajeti. Ofisi yetu sasa haipitishi ombi la kifaa lisilo na kifungu cha mafunzo, nauli ya mwalimu, bando, chaji na matengenezo. Tunawaomba wafadhili nao wasitupe fedha za kifaa bila hayo.

Tatu, vitabu. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020, unalenga kuwezesha vitabu kutolewa kwa nukta nundu, sauti au maandishi ya kompyuta kwa ajili ya wasioona bila kuomba ruhusa ya kila mwenye haki, na kubadilishana nakala hizo kati ya nchi wanachama. Shule na maktaba zetu ziutumie kwa kufuata taratibu.

Nne, walimu. Kanisa letu lina historia katika kazi hii. Shule ya wasioona ya Irente, Lushoto, imekuwapo tangu miaka ya 1960. Wapo watu waliosoma huko na kwingineko, nao wamekaa katika sharika zetu bila kuitwa. Watafuteni, na mkiwaita wafundishe, walipeni.

Maswali ya majadiliano

1. Katika usharika wetu wapo wangapi wasioona, na ni lini mara ya mwisho tuliwauliza wanataka nini?
2. Nani anajua namba ya siri ya fedha zao? Je, walichagua wenyewe ajue?
3. Kipo kifaa tulichokitoa ambacho leo kiko kabatini? Nani ataenda kukiangalia, na siku gani?

Majibu ya swali la tatu tunaomba yaletwe ofisini kabla ya kikao kijacho cha Diakonia, hata kama yanatuaibisha. Yetu tumekwisha kuwaambia.

Bwana awabariki katika kazi yenu.

Mratibu wa Miradi, Ofisi ya Dayosisi