Somo la Kaya: Maandalizi ya Krismasi na Mapambo ya Masalio

Ndugu mkazi wa kata, mwezi Desemba mbuzi hutafutwa sana, na mfugaji angetarajia kunufaika. Hata hivyo wengi wetu huuza siku ya mwisho, gari la kwenda Wasso likiwa linangoja na watoto wakiwa hawajapata nguo. Mnunuzi humsoma muuzaji usoni. Akiona haraka, hutaja bei yake na kunyamaza. Fedha hiyo huingia dukani siku hiyohiyo, wakati wateja wamejazana na sukari imebaki kidogo.

Kwetu Ololosokwan, kujiandaa mapema hakuna budi kufuata mvua na malisho. Baada ya masika, mwezi Juni na Julai, mifugo huwa imenenepa, na mahindi na maharage ya mavuno mapya huwa bei nafuu kuliko mwisho wa mwaka. Septemba na Oktoba malisho hukauka, ng'ombe hukonda, na anayeuza wakati huo huuza mifupa. Mvua za vuli nazo zikianza, barabara za udongo huteleza, magari ya mizigo huchelewa, na gharama ya kuchelewa hulipwa na mnunuzi. Kwa hiyo mnyama wa Krismasi auzwe Julai, au abaki hadi anenepe tena kwa majani ya vuli, lakini auzwe wiki mbili au tatu kabla ya sikukuu, mwenyewe akiwa na nafasi ya kukataa bei.

Tuchukue mfano wa kaya inayokusudia kutumia shilingi 240,000. Ikiweka akiba kuanzia Julai hadi Desemba, inahitaji shilingi 40,000 kwa mwezi. Ikianza Desemba mosi, kiasi hichohicho ni shilingi 80,000 kila wiki kwa wiki 3. Mahali pazuri pa kuweka akiba hiyo ni kikundi cha kuweka na kukopa kilichosajiliwa kupitia halmashauri, kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Asiyejua utaratibu amwone afisa maendeleo ya jamii.

Hapa pana jambo linaloumiza kaya nyingi. Vikundi vingi hugawana akiba Desemba, na fedha ya mwaka mzima huisha kwa siku tatu za soda na nyama. Januari shule zinafunguliwa. Elimu bila ada ilianza mwaka 2016, lakini sare, viatu na madaftari bado ni wajibu wa mzazi. Basi baba na mama waketi pamoja, wachukue daftari, na waandike mahitaji ya Januari kwanza. Kitakachobaki ndicho cha Krismasi. Nunueni mapema vitu visivyoharibika: nguo, sukari, mchele, sabuni. Mafuta ya kupikia yakaguliwe tarehe ya mwisho wa matumizi, na unga usinunuliwe mapema mno, kwani huingia wadudu.

Mapambo hayahitaji fedha. Kina mama wa kata hii wana utajiri ambao mjini hununuliwa: shanga zilizosalia baada ya kutunga mikufu. Pindeni waya mwembamba uwe umbo la nyota, mpitishe shanga nyeupe na nyekundu, mfunge ncha zake. Vipande vya shuka lililochakaa, au mabaki ya fundi cherehani, hukatwa pembetatu na kushonwa kwenye kamba, zikawa bendera za mlangoni. Kurasa za madaftari yaliyojaa hukatwa vipande virefu, watoto wakaviunganisha kuwa mnyororo kwa gundi ya unga uliopikwa na maji hadi ukawa mzito. Mti usikatwe. Mtarakwa, yaani oltarakwai, hukua polepole sana, na tawi kavu lililosimikwa ndani ya ndoo ya mchanga hubeba nyota hizo vizuri tu. Liwekwe mbali na jiko na mishumaa.

Epukeni mapambo ya nailoni na maputo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio na kamba za sikukuu bado huzagaa bomani. Ng'ombe au mbuzi akimeza, nailoni haisagiki. Hukusanyika tumboni, huziba njia ya chakula, na mnyama hudhoofu huku majani yakiwa tele. Mara nyingi mwenyewe hugundua siku ya kuchinja.

Tarehe 26 asubuhi, kabla mifugo haijafunguliwa, watoto wapewe gunia waokote kamba, vifuniko na vifungashio vyote uani. Nyota za shanga na bendera za kitambaa ziwekwe ndani ya kopo lenye kifuniko hadi mwakani. Minyororo ya karatasi inafaa kuwashia moto wa chai.