Kuchora Vitu vya Ufukoni

Wanafunzi wenzangu, na ninyi kaka zetu mliokwisha hitimu, wengi wetu tukiambiwa tuchore ufuko huchora mnazi, mashua na jua linalotua. Mnazi ni mti wa pwani ya bahari, nayo picha hiyo tumeinakili katika kalenda. Ufuko wetu hapa Kampala, kama ule wa Ggaba, ni wa Ziwa Viktoria, ambalo Waganda huliita Nnalubaale. Una vitu vyake wenyewe: maganda ya konokono, mafunjo makavu, manyoya ya mnandi, na yale magugumaji yaliyotoka Amerika ya Kusini.

Chukua ganda moja la konokono lenye ncha. Usianze upesi. Konokono huiongeza nyumba yake ukingoni mwa mlango tu; kwa hiyo ncha ndiyo sehemu ya zamani kuliko zote, ya utoto wake. Basi anza penseli yako nchani, uzunguke kuelekea mlangoni, kila mzunguko uwe mpana kuliko uliotangulia. Mwenye kuanza na umbo la nje, kisha akajaza mistari ndani, hupata kitu kama kilemba kilichofungwa vibaya. (Okota maganda makavu mchangani tu. Usiingie majini kutafuta konokono walio hai, maana baadhi yao hueneza kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi ya mtu aliye majini.)

Ukiisha kulichora mara tatu au nne, litie mfukoni, ndipo ufanye picha ya rangi bila kulitazama. Bibi Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937, aliwasimulia wanafunzi wake kisa, akawaacha wachore walivyokiona mioyoni. Wako wasemao njia hiyo haipatani na kukazia kitu macho. Mimi siwakubali. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame aliyesoma Makerere, alichora maisha ya Wachaga kwa kuyakumbuka; nani awezaye kukumbuka mgomba asioutazama?

Kisha kuna rangi. Kijiwe kilicholowa huonekana kimekoza, kikikauka hupauka. Rangi ya maji nayo ni vivyo hivyo, kwa hiyo changanya iliyokoza kuliko unavyotaka. Rangi za dukani ni ghali kwetu wa bweni, lakini udongo mwekundu wa vilima vyetu, ukiusaga, ukauchekecha kwa kitambaa na kuuchanganya na kiini cha yai na maji kidogo, hutoa rangi nzuri ya kutu. Mkaa hutoa nyeusi. Kijani ndiyo taabu: maji ya majani hufifia juani. Hiyo inunue.

Picha yangu ya mwisho niliichora juu ya lubugo, ile nguo ya gome la mutuba, niliyoibandika kwanza ubaoni kwa gundi ili rangi ya yai isipasuke: maganda matatu na unyoya mmoja. Mchanga sikuupaka, lubugo lenyewe lilitosha.