IJUE SURUA KABLA VIPELE HAVIJATOKA

Wazazi na walezi wote wa Unguja na Pemba wanakumbushwa kwamba maradhi ya surua, ambayo wazee wetu wengi huyaita shurua na ndugu zetu wa Mombasa huyaita ukambi, hayaanzi siku ile mtoto anapotokwa na vipele. Huanza siku tatu au nne kabla yake. Makala haya yanayaeleza maradhi hayo kwa mpangilio wa siku zake, kwa sababu ni katika kuzihisabu vibaya siku hizo ndipo familia nyingi hupoteza wakati, na baadhi yao humpoteza mtoto.

Jambo hili si geni. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita tabibu mashuhuri Abu Bakr al-Razi aliandika kwa Kiarabu risala ya kutenganisha ndui na surua, na humo alizitaja dalili zinazotangulia, kabla ngozi haijaonesha chochote. Asichokijua al-Razi, nasi tunakijua leo, ni kwamba surua inaletwa na kirusi, mdudu mdogo asiyeonekana ila kwa hadubini za namna ya pekee. Mgonjwa anapokohoa au kupiga chafya, kirusi hicho hubaki hewani hata kwa muda wa saa mbili baada ya mgonjwa mwenyewe kuondoka chumbani. Katika jamii isiyo na kinga, mgonjwa mmoja huweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18. Ni machache sana miongoni mwa maradhi ya binaadamu yanayoambukiza kwa kiasi hicho.

Basi tuzifuate siku. Tangu mtoto kuambukizwa, takriban siku 10 hupita naye anacheza, ananyonya na kulala kama kawaida. Kisha huja homa, nayo huweza kuwa kali sana, ikiandamana na kikohozi kikavu, mafua yenye makamasi mengi, na macho kuwa mekundu yenye kutoka machozi. Mtoto hukirihika na mwangaza, hulia bila ya kubembelezeka, na hukataa chakula. Hapa ndipo aghalabu husemwa kuwa ni mafua ya kaskazi tu na yatapita. Lakini mzazi akimfungua mtoto kinywa mbele ya dirisha, na kutazama upande wa ndani wa mashavu mkabala na magego, huweza kuona vidoa vyeupe vidogo mithili ya punje za chumvi juu ya nyama nyekundu. Vidoa hivyo hutokea siku moja au mbili kabla ya vipele na hutoweka upesi. Vikionekana, ni alama ya surua. Visipoonekana, mzazi asijitulize kwa hilo.

Vipele vyenyewe huanzia nyuma ya masikio na kwenye mpaka wa nywele, huenea usoni na shingoni, hushuka kifuani na mgongoni, na hufika miguuni katika muda wa siku tatu hivi. Vitabu vingi husema ni vipele vyekundu, na maneno hayo yamewapoteza baadhi ya wazazi wetu. Katika ngozi nyeusi wekundu huo huenda usionekane kabisa, na pengine vipele huwa na rangi iliyokoza kuliko ngozi yenyewe. Mtazame mtoto kwa mwangaza wa mchana, si wa taa, na umpapase kwa kiganja: ngozi yake huwa na mikwaruzo. Harara ya joto haina homa wala kikohozi, na hukaa zaidi shingoni na kwenye mikunjo ya ngozi. Tetekuwanga huwa na malengelenge yenye maji. Homa na vipele, pamoja na kimojawapo kati ya kikohozi, mafua na macho mekundu, hiyo ndiyo picha inayompasa mzazi ashuku surua.

Sasa tufike penye tatizo. Mwandishi wa makala haya anakumbuka, tangu udogoni, mtoto wa jirani aliyewekwa katika chumba kilichofungwa madirisha, akafunikwa mashuka, akanyimwa maji ya baridi na kuoga, huku wakubwa wakisubiri surua "itoke yote". Iliaminika, na bado wako wanaoamini, kwamba vipele visipomalizika kutoka maradhi hurudi ndani, na kwamba mtoto akichomwa sindano hospitali kabla ya vipele kwisha, atakufa. Imani hiyo haikuzuka bure. Watu waliwaona watoto wakipelekwa hospitali siku za mwisho, wakidungwa sindano, na kufa. Kilichowaua kilikuwa ni kuchelewa, lakini iliyolaumiwa ni sindano.

Ukweli ni kwamba vipele si maradhi yaliyofungiwa ndani yanayotafuta njia ya kutoka. Ni alama tu kwamba mwili wa mtoto umeanza kupigana na kirusi kilichokwishaenea mwilini mzima. Hapana dawa ya kuvitoa wala ya kuvizuia. Tena mgonjwa huambukiza tangu siku nne kabla ya vipele hadi siku nne baada ya kutokea. Kwa hivyo familia inayongoja vipele ndipo imtenge mtoto, imekwishachelewa siku nne kwa watoto wa nyumba hiyo na wa chuoni alikokuwa akisoma.

Watoto wachanga wanahitaji kutajwa peke yao. Mama aliyewahi kuugua surua au kuchanjwa humpa mtoto wake kinga tangu tumboni, lakini kinga hiyo hupungua mwezi baada ya mwezi. Chanjo ikitolewa mapema mno, mabaki ya kinga ya mama huidhoofisha. Ikicheleweshwa, mtoto hubaki wazi. Ndiyo maana umri wa miezi 9 ukachaguliwa hapa kwetu. Mtoto wa miezi 6 au 7 basi anaweza kabisa kuugua, na neno la kuwa surua ni ya watoto wanaotembea si sahihi. Mripuko unapotangazwa, wataalamu huweza kuagiza watoto wa kuanzia miezi 6 wachanjwe. Dozi hiyo ni ya ziada, na mtoto bado atatakiwa kurudi kwa zile zake za kawaida.

Kinachoua katika surua, mara nyingi, ni yale yanayoifuata: nimonia kwanza, kisha kuharisha na kukaukiwa maji, na mara chache zaidi uvimbe wa ubongo. Walio hatarini kupita wengine ni watoto walio chini ya miaka mitano, na hasa wenye utapiamlo. Mtoto apelekwe hospitali bila ya kungoja asubuhi iwapo hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki vizuri, mbavu zinabonyea ndani anapovuta pumzi, au kioo cha jicho kimeingia ukungu. Pumzi huhisabiwa kwa saa, dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni za haraka; kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi. Hisabu hii haihitaji daktari, na inafaa kila mzazi aijue.

Kituoni mtoto atapewa vitamini A, siku ya kwanza na tena siku ya pili, hata ikiwa alipewa matone hayo katika kampeni zilizopita. Surua huimaliza akiba ya vitamini hiyo mwilini, na upofu unaofuata surua unatokana kwa sehemu kubwa na upungufu huo. Mzazi asiridhike na dozi ya kwanza akabaki nyumbani siku ya pili. Machoni pasitiwe wanja, wala maji ya majani, wala maziwa ya mama. Pasafishwe tu kwa kitambaa safi na maji yaliyochemshwa yakapoa.

Nyumbani, mtoto anyonyeshwe mara nyingi zaidi kuliko kawaida. Aliyekwishaanza kula apewe uji, papai, embe, boga, kidogo kidogo na mara kwa mara, na maji ya kutosha. Aogeshwe. Dirisha lifunguliwe. Homa itulizwe kwa parasetamoli kwa kipimo alichoandikiwa, na asipewe aspirini. Akiharisha, apewe ile dawa ya pakiti inayochanganywa katika lita moja ya maji salama. Vipele vikikauka, ngozi huwa nyeusi na kubanduka kama pumba, lakini mtoto hajawa salama moja kwa moja: tafiti zilizochapishwa mwaka 2019 zilionesha kwamba surua hufuta sehemu ya kumbukumbu ya kinga ya mwili dhidi ya maradhi mengine. Mtoto aliyepona surua huendelea kuuguaugua baadaye, na wazee waliosema kuwa surua "huacha mtoto mwepesi" walikuwa wameona sawasawa.

Sisi watu wa visiwa tuna sababu ya ziada ya kuyazingatia haya. Mwaka 1846 surua iliingia katika visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Ulaya, ambako haikuwa imeonekana tangu 1781. Kati ya wakaazi wapatao 7,800, zaidi ya 6,000 waliugua katika miezi michache. Tabibu kijana Peter Panum, aliyetumwa kuchunguza, aliona kwamba wazee waliougua mwaka 1781 hawakuguswa tena, na kwamba baina ya kuambukizwa na kutoka vipele hupita takriban siku 14. Kule Fiji, mwaka 1875, surua iliyoletwa na meli iliua watu wanaokadiriwa kufika 40,000. Bahari huchelewesha maradhi, na kadiri yanavyochelewa ndivyo wanavyoongezeka watoto wasio na kinga.

Na haya si ya zamani tu. Katika kisiwa cha Samoa, mwaka 2018, watoto wachanga wawili walifariki baada ya chanjo yao kuchanganywa kimakosa na dawa nyengine badala ya maji yake. Kosa lilikuwa la mchanganyiko, lakini woga uliangukia chanjo yenyewe. Huduma ikasimamishwa kwa muda, na wazazi wengi hawakurudi. Mwaka uliofuata surua iliingia. Watu zaidi ya 5,700 waliugua na 83 walifariki, wengi wao wakiwa chini ya miaka mitano. Mwezi Disemba 2019 Serikali ya huko ilifunga ofisi zake kwa siku mbili ili watumishi wapite nyumba kwa nyumba, na kila nyumba yenye mtu asiyechanjwa ilitakiwa itundike kitambaa chekundu mlangoni.

Hapa kwetu, chanjo ya surua, ambayo tangu mwaka 2014 imeunganishwa na ya rubela, hutolewa bila ya malipo mtoto anapofika miezi 9, na mara ya pili anapofika miezi 18. Dozi ya pili si nyongeza ya hiari. Katika kila watoto 100 wanaochanjwa wakiwa na miezi 9, takriban 15 hawapati kinga kwa dozi hiyo moja, na hapana awezaye kuwatambua kwa kuwatazama. Mafua mepesi siku ya chanjo si sababu ya kurudishwa nyumbani. Homa ndogo au vipele vichache baada ya wiki moja hivi ni jambo la kawaida, na hupita.

Mzazi anayeshuku surua atoe taarifa kwa sheha au kituo cha afya siku hiyo hiyo, na akifika kituoni aseme mlangoni kabla ya kukaa na wengine, ili mtoto atengwe na wachanga waliokuja kupimwa uzito. Afike na kadi ya mtoto. Aliyepoteza kadi asibaki nyumbani kwa kuona haya: aende, kumbukumbu zitatafutwa katika daftari la kituo, na zisipopatikana mtoto atachanjwa, kwani kurudia dozi hakumdhuru.