Aliyeugua Kwanza Si Lazima Awe Ndiye Aliyeleta



Hutokea kwetu Masasi na Newala kwamba mume na mke wakigundulika kuwa na virusi vya UKIMWI (VVU), ndugu huitana kikao. Wajomba hufika, wazee huulizwa, na mara nyingine hukumu hutolewa kwa kipimo kimoja tu: nani alianza kukonda? Huyo huambiwa ndiye aliyeuleta ugonjwa nyumbani. Ndoa huvunjika, mama hurudishwa kwao, watoto hutawanyika. Je, kipimo hicho ni cha haki? Tukiwaelewa maadui wanne wadogo waliomo ndani ya kirusi hiki, tutapata jibu.

KIRUSI NA MAAGIZO YAKE

Kirusi cha UKIMWI hakiwezi kuzaliana peke yake. Lazima kiingie ndani ya chembe hai, hasa zile chembe nyeupe za damu ziitwazo CD4, ambazo huongoza ulinzi wa mwili. Kikishaingia, huigeuza chembe hiyo kuwa karakana ya kutengeneza virusi vipya. Maagizo ya kazi hiyo yamo katika jeni zake. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000. Kirusi hiki kina 9 tu.

Jeni 3, yaani gag, pol na env, hujenga mwili wa kirusi na vyombo vyake vya kazi. Jeni 2, tat na rev, husimamia uzalishaji. Jeni 4 zilizobaki ni nef, vif, vpr na vpu. Hizi huitwa jeni saidizi, kwa sababu katika maabara virusi viliweza mara nyingi kuzaliana hata zilipoondolewa baadhi yake. Lakini maabara si mwili wa mtu. Mwili una walinzi, na kazi kubwa ya jeni hizi ni kuwashinda walinzi hao.

KAZI YA KILA MOJA

Nef: Chembe iliyovamiwa huweka alama nje ili askari wa mwili waje kuiangamiza. Nef huziondoa alama hizo. Ni kama mwizi anayemziba mwenye nyumba mdomo ili sungusungu wapite bila kujua kitu.

Vif: Ndani ya chembe zetu kuna mlinzi aitwaye APOBEC3G, ambaye huyaharibu maandishi ya kirusi yanaponakiliwa, hata nakala ikawa haifai. Vif humwangamiza mlinzi huyo. Jambo hili liligunduliwa mwaka 2002.

Vpu: Virusi vipya vinapotaka kutoka, mlinzi mwingine, tetherin, huvifunga mlangoni kama mbuzi kwenye kigingi. Vpu huikata kamba hiyo. Hili lilijulikana mwaka 2008.

Vpr: Huizuia chembe isigawanyike, ili iendelee kukitumikia kirusi.

USHAHIDI WA SYDNEY

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kabla damu haijaanza kupimwa VVU, mtu mmoja huko Sydney, Australia, alitoa damu bila kujua kwamba ana virusi. Waliopewa damu yake waliambukizwa, lakini miaka ilipita bila wao kuugua kama ilivyotarajiwa. Mwaka 1995 wataalamu walieleza sababu: virusi vyao vilikuwa vimepoteza sehemu ya jeni nef. Hata hivyo, baada ya miaka mingi, kinga ya baadhi yao ilianza kushuka. Nao watafiti wa Marekani waliojaribu kutengeneza chanjo ya nyani kwa virusi vya nyani visivyo na nef, waliona mwaka 1995 kwamba virusi hivyo viliwaletea UKIMWI nyani wachanga. Basi kirusi kilichodhoofika si kirusi kilichokufa.

Hapa nchini kuna aina kadhaa za VVU, zikiwemo A, C, D na mchanganyiko wake. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam kwa akina mama, ukatangazwa mwaka 2006, ulionyesha kuwa wenye aina D walidhoofika upesi kuliko wenye aina A. Tofauti hii haitokani na jeni saidizi peke yake, lakini inatufundisha kwamba virusi havilingani.

TURUDI KWENYE KIKAO

Miili nayo hailingani. Walinzi wa mwili hurithiwa, na kila mtu ana wa kwake. Umri, kifua kikuu na lishe duni huongeza tofauti. Kirusi kilekile, kikitoka kwa mume kwenda kwa mke au kwa mke kwenda kwa mume, chaweza kumwangusha mmoja katika miaka michache na kumwacha mwenzake bila dalili kwa miaka kumi. Kwa hiyo aliyeambukizwa mwisho anaweza kuugua kwanza.

Wala aliyepimwa kwanza si ushahidi. Mama mjamzito hupimwa kliniki, hivyo mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kujua. Kujua kwanza si kuambukizwa kwanza.

Tena, asiyeugua asijidanganye kwamba virusi vyake ni hafifu. Vipimo vya kawaida vya kliniki havionyeshi kama nef imekatika. Jambo la faraja ni kwamba dawa tunazopewa hazisubiri jibu hilo. Kidonge cha kila siku chenye dolutegravir huzuia vyombo vinavyotokana na jeni pol, ambavyo kirusi hakiwezi kuzaliana bila hivyo. Mwenye kumeza dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana.

TUFANYE NINI?

1. Mmoja akigundulika, mwenzake naye apimwe, na watoto pia, bila kungoja dalili.
2. Aliyegundulika aanze dawa mapema, iwe Ndanda, Mkomaindo, hospitali ya Newala au kituo kilicho karibu.
3. Msimu wa korosho ukifika na mkahamia mashambani, mwombeni mhudumu dawa za kutosha muda wote mtakaokuwa huko.
4. Wajomba na wazee, kikao kisiulize nani aliyeleta. Kiulize nani atamsindikiza mgonjwa kliniki, na nani atawaangalia watoto siku hiyo.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

Kwa nini watu wawili wenye kirusi kilekile wanaweza kuugua kwa nyakati tofauti? Je, katika ukoo wetu yupo aliyehukumiwa kwa sababu tu aliugua mapema? Tunaweza kumrudishia heshima yake kwa njia gani?