Maji na Mafuta Juu ya Mwamba wa Tope

Tone la maji likianguka juu ya jani la mgimbi hujikusanya kama ushanga, kisha huteleza, na jani hubaki kavu. Tone hilo hilo likianguka juu ya kioo safi hujitandaza na kushika. Maji ni yale yale. Kilichobadilika ni uso unaoyapokea.

Wataalamu hulipima jambo hili kwa pembe iliyopo baina ya ukingo wa tone na uso wa kitu. Pembe ikiwa chini ya digrii 90, uso hulowana. Ikizidi 90, maji hayaushiki vema.

Mwamba wa tope ni mwamba wa matabaka membamba, uliofanyika kwa matope ya kale yaliyoshindiliwa chini ya ziwa au bahari. Mwamba huu una tabia mbili. Udongo wa mfinyanzi uliomo hupenda maji. Bali mabaki ya mimea na viumbe vidogo vilivyozikwa humo hupenda mafuta. Kwa hiyo mwamba mmoja waweza kulowana kwa maji hapa, na kwa mafuta pale. Tena hali hiyo hugeuzwa na chumvi iliyomo majini, na joto la chini ya ardhi, na mafuta yaliyogandamana na mwamba tangu zamani, na dawa za jamii ya sabuni.

Je, elimu hii yatufaa nini? Mwaka 2012 mafuta yalivumbuliwa katika bonde la Lokichar, Turkana. Yalionekana ndani ya mwamba wa mchanga, lakini asili yake ni mwamba wa tope wa ziwa la kale. Mchimbaji akipenya mwamba wa namna hiyo kwa maji matupu, huenda mfinyanzi ukanywa maji na kuvimba, kuta za kisima zikaporomoka, na vyombo vyake vikanaswa humo. Ndiyo sababu maji ya kuchimbia hutiwa chumvi ya potasi, au hutumiwa mchanganyiko wa mafuta badala yake.

Msomaji, jaribu mwenyewe. Twaa vigae viwili vya chungu vilivyo vikavu, kimoja ukipake mafuta ya kupikia, kisha udondoshee maji juu ya vyote viwili. Utaona kwa macho yako jinsi uso wa kitu unavyoyatawala maji.