Maumivu ya ghafla ubavuni: huenda mkojo unavuja ndani

Wiki hii tuangalie ugonjwa usiotokea mara kwa mara, lakini ukitokea hudhaniwa kuwa kitu kingine. Nao ni kupasuka kwa njia ya mkojo ndani ya figo bila mtu kuanguka wala kupigwa.

Ndani ya figo mna vijibakuli vinavyokusanya mkojo na kuumimina kwenye kifuko. Kutoka hapo mkojo hushuka kwa mrija mwembamba hadi kwenye kibofu. Mrija ukiziba, figo huendelea kutengeneza mkojo, shinikizo hupanda, na ukingo wa kijibakuli hupasuka. Mkojo humwagika kuizunguka figo.

Chanzo kikubwa ni jiwe, tena mara nyingi dogo, lililonasa mrijani. Kyela yetu ni bonde lenye joto. Anayeshinda kwenye mpunga au kokoa bila kunywa maji ya kutosha, mkojo wake huwa mzito na mawe hupata nafasi ya kujijenga. Uvimbe, ujauzito na makovu ya kichocho navyo huweza kuubana mrija.

Dalili ni maumivu makali ya ghafla ubavuni, yanayoshuka kinenani, pamoja na kichefuchefu na kutapika. Yakiwa upande wa kulia hufanana na kidole tumbo au nyongo. Tahadhari: maumivu yakipungua si lazima umepona. Kijibakuli kikipasuka shinikizo hushuka, mgonjwa akapata nafuu, kumbe mkojo unavuja.

Je, hutambuliwaje? Kupima mkojo pekee hakutoshi, kwani damu huweza isionekane. Ultrasaundi huonyesha figo iliyovimba na maji kuizunguka, lakini haithibitishi kuwa maji hayo ni mkojo. Kinachothibitisha ni CT yenye dawa ya kuonyeshea inayopitishwa mshipani. Picha za mwanzo hazitoshi. Mgonjwa husubiri dakika kadhaa mpaka dawa ifike kwenye mkojo, kisha hupigwa tena. Dawa ikionekana nje ya njia yake, jibu limepatikana. Kabla ya hapo hupimwa damu kuona kama figo zinafanya kazi. Mwanamke aseme mapema kama ni mjamzito.

Wengine hupona kwa dawa na uangalizi. Wengine huwekewa mpira mwembamba mrijani ili mkojo upite, na jiwe hutolewa baadaye. Ikiambatana na homa na kutetemeka, ni dharura: uchafu huweza kuingia kwenye damu na kuua.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Matema, Ipinda au Itungi, usinywe vidonge vya maumivu siku tatu ukingoja. Nenda hospitali, uliza kuhusu ultrasaundi, na ukipewa rufaa ya Mbeya usiichelewe. Kama umefunga, kumbuka mgonjwa ameruhusiwa kufungua na kulipa siku nyingine.

Allah atupe afya njema. Wabillahi Tawfiq.