MASAA 11 UWANJA WA NDEGE ISTANBUL: NILIVYOGEUZA KUSUBIRI KUWA MTAJI

Leo nina somo kuhusu muda wa kusubiri. Usiseme "mimi sipandi ndege, hili halinihusu." Soma mpaka mwisho, hata wewe unayesubiri basi pale Msamvu utapata lako.

Mimi nina kiduka cha nguo Changarawe, hapa Mzumbe, karibu na chuo. Wateja wangu ni wanafunzi na wafanyakazi wa chuo. Wanafunzi nawauzia blauzi, wafanyakazi magauni ya ofisini. Mzigo wa Uturuki nilikuwa nachukua kwa kaka mmoja Dar ambaye husafiri mwenyewe, na miaka yote bei yake nilikuwa naikubali tu. Ningejuaje kama ananipiga au ananisaidia? Chimbo lenyewe sijawahi kuliona.

Mwaka jana mdogo wangu wa London alijifungua, akanikatia tiketi niende kumsaidia. Ndege ilikuwa ya kuunganisha Istanbul, kwenda na kurudi. Kabla ya kuondoka nilikopa kwenye kikoba chetu milioni moja, nikabadilisha kuwa dola 400. Nilijiambia huenda nikakuta dili huko. Marejesho ni miezi mitatu. Shika hiyo hela akilini, tutairudia.

SAFARI YA KWENDA: NILIVYOPOTEZA SIKU

Wakati wa kwenda nilisubiri masaa saba. Sikuwa na viza ya Uturuki, kwa hiyo nilibaki ndani ya uwanja. Sikuwa nimejiandaa kwa lolote. Nilinunua chakula na kahawa mara mbili bila kuuliza bei. Nilipopiga hesabu nikakuta nimekula faida ya karibu wiki nzima ya duka langu. Simu ikazima. Nikasinzia kwenye kiti, na nilipoamka nikaanza kukimbia kutafuta geti, maana ule uwanja ni mkubwa jamani, kutembea tu ni safari nyingine.

Nilipofika London nikamsimulia mdogo wangu. Akacheka, akaniambia, "Dada, wewe dukani huachi hata mia ipotee. Masaa saba umeyaacha hivi hivi?"

Ile kauli iliniuma, lakini alikuwa sahihi. Nikaanza kujiandaa kwa safari ya kurudi, ambayo ilikuwa na masaa 11 ya kusubiri.

HATUA YA 1: ANZA NA VIZA

Pasi yetu ya Tanzania inahitaji viza kuingia Uturuki. Kwenye tovuti ya serikali yao ya viza za mtandao niliona kwamba mwenye viza hai ya Uingereza anaweza kuomba. Nikajaza, nikalipa, nikaichapisha karatasi. Masharti hubadilika, kwa hiyo angalia tovuti yenyewe ya serikali, au uliza ubalozi wao Dar es Salaam kabla hujasafiri. Usimtegemee mtu wa mtaani, na usilipie kwenye tovuti za vishoka.

Kama ndege yako inaunganisha Amsterdam, Paris au Frankfurt, kutoka nje ya uwanja kunataka viza ya Schengen. Na ndugu zetu wa Kongo na Ethiopia waangalie zaidi, kwa sababu wao wanaweza kudaiwa viza ya kupita hata wakibaki ndani ya uwanja.

HATUA YA 2: PIGA HESABU YA MUDA KAMA YA HELA

Masaa 11 si masaa 11, kama vile mauzo si faida. Nilitua saa 3 asubuhi, ndege ya Dar ilikuwa saa 2 usiku. Toa haya:

- Kushuka, uhamiaji na kutafuta treni: saa moja na nusu
- Kwenda mjini: saa moja na nusu
- Kurudi uwanjani: saa moja na nusu
- Kuwa uwanjani kabla ya ndege: masaa 3

Jumla masaa saba na nusu. Yaliyobaki ni matatu na nusu tu! Hiyo ndiyo faida halisi. Kama kusubiri kwako ni masaa sita, ukitoa hivyo unabaki na hasara. Baki ndani.

Jambo zuri ni kwamba saa ya Istanbul na ya kwetu ni moja mwaka mzima, hakuna kubadilisha. Ila kwenye tiketi 20:00 maana yake saa 2 usiku. Watu wameachwa na ndege kwa kosa hilo.

HATUA YA 3: CHAGUA SEHEMU MOJA TU

Shirika la Turkish Airlines lina ziara ya mji ya bure kwa abiria wake wa kuunganisha, inaitwa Touristanbul. Kama unataka kuona misikiti na majumba ya zamani, iulizie. Mimi nilitaka kuona bei.

Istanbul ina machimbo kadhaa ya jumla upande wa Ulaya: Laleli, Osmanbey na Merter. Nilichagua Laleli. Sehemu hiyo ilikua sana kuanzia miaka ya 1990, baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika, wakati wachuuzi wa Urusi na nchi za jirani walipokuwa wakija na mabegi matupu na kurudi nayo yamejaa. Yaani ni mji uliojengwa na wachuuzi kama mimi na wewe.

Njia ni rahisi. Treni ya M11 kutoka uwanjani hadi Gayrettepe, unabadilisha kwenda M2 hadi Vezneciler, halafu unatembea kwa miguu. Usiende Jumapili, maduka mengi ya jumla hufungwa.

HATUA YA 4: INGIA NA DAFTARI KABLA YA POCHI

Pale nguo za jumla zinauzwa kwa seri, yaani fungu la saizi tofauti za mtindo mmoja. Huchagui moja moja. Neno la jumla ni "toptan", la rejareja ni "perakende". Ukisema "toptan" mapema, mwenye duka anajua wewe ni mfanyabiashara.

Nilikuwa na picha za nguo ninazouza Mzumbe kwenye simu. Kila duka naonyesha picha, nauliza bei, naandika. Nikaingia pia ofisi mbili za kargo kuuliza bei kwa kilo. Dola moja niliihesabu kwa shilingi 2,500. Matokeo yangu haya hapa:

Blauzi: dola 7, sawa na 17,500. Kargo na gharama zake kama 4,000. Jumla 21,500. Kaka wa Dar ananiuzia 26,000.

Gauni la ofisini: dola 14, sawa na 35,000. Kargo na gharama kama 7,000. Jumla 42,000. Kaka ananiuzia 65,000.

Nilisimama pale barabarani nikaitazama ile karatasi. Kwenye blauzi kaka wa watu hanionei. Ana nauli, ana hoteli, ana hatari ya mzigo kukwama. Kwenye magauni ndipo nilipokuwa naumia, na sikujua kwa miaka yote hiyo.

HATUA YA 5: MKONO USITANGULIE AKILI

Hapa ndipo zile dola 400 zilianza kunichoma mfukoni. Muuzaji mmoja alinikaribisha chai, akanitolea mitindo mizuri, akaniambia bei ni ya leo tu. Nilikuwa nimeshaanza kufungua pochi. Nikajiuliza maswali matatu. Nani Mzumbe ataninunulia haya yote kabla ya miezi mitatu? Mzigo nitaubebaje, wakati begi langu kubwa limeshapitilizwa mpaka Dar na nimebaki na la mkononi? Zikinidodea, wanakikoba nitawaambia nini?

Nikanunua seri moja tu ya magauni manne, dola 56, ya kupimia soko. Nikachukua kadi za maduka matatu yenye bei nzuri. Hela iliyobaki ikarudi nyumbani. Kumbuka pia kwamba mzigo wa biashara unatangazwa forodhani ukifika, hata ukiwa kwenye begi la mkononi. Usijifiche, utapoteza mzigo na jina.

HATUA YA 6: RUDI MAPEMA

Saa 9 na nusu niliondoka, ingawa kulikuwa na mtaa ambao sijauona. Ashukuriwe Mungu. Pale Vezneciler nilipanda treni ya upande usio wangu, ikanipeleka Yenikapı, mwisho wa njia. Moyo ulidunda. Nikageuza, nikapoteza karibu nusu saa. Kama nisingekuwa nimetenga yale masaa matatu, leo ningekuwa nawasimulia hadithi nyingine.

NILIRUDI NA NINI?

Yale magauni manne yaliisha ndani ya siku tisa. Lakini faida kubwa ilikuwa ile karatasi. Nilienda Dar kwa kaka yangu, nikakaa naye kwa heshima. Nikamwambia, "Kaka, blauzi bei yako nzuri, sigusi. Magauni tuongee." Nikamwonyesha hesabu. Alinyamaza, akacheka, akasema, "Dada umefika chimbo." Tukakubaliana 54,000. Gauni ninaliuza 80,000. Zamani nilikuwa nabaki na 15,000, sasa nabaki na 26,000 kabla ya nauli na kodi ya fremu. Mkopo wa kikoba niliumaliza ndani ya muda.

Wewe usiyepanda ndege, somo ni lile lile. Ukienda Kariakoo na basi lako la kurudi Morogoro ni jioni, usikae kwenye benchi kuangalia video. Toa muda wa kurudi, toa muda wa foleni, ule unaobaki uutumie kuuliza bei ya bidhaa moja kwenye maduka matano. Mama wa Mgeta ukishusha mboga Morogoro mjini na gari lako likachelewa, zunguka soko la Chifu Kingalu uulize nani ananunua kwa bei gani. Beba daftari, beba chupa yako ya maji, beba chakula chako.

Swali la leo: safari yako ya mwisho kwenda kufuata mzigo, ulisubiri masaa mangapi, na ulirudi na taarifa gani mpya? Andika hapo chini. Na kama una mwenzako anayepanga safari, mtumie somo hili kabla hajakata tiketi.

Tukutane wiki ijayo. Biashara njema.